Kabla ya Gari

Breki alimwacha mke wake asubuhi moja akiwa na mswaki mdomoni, na hakujua kama amemwacha mpaka aliporudi kutoka kazini jioni akatakiwa kubisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Asionewe bure, lakini. Breki hakuwa mtu wa kuacha mke. Alikuwa mwalimu wa udereva, na jina hilo alibandikwa na wanafunzi kwa sababu gari la kufundishia lina kanyagio la pili la breki upande wa mwalimu, na mguu wake ulikuwa umehamia hapo moja kwa moja. Gari lake halikutembea, lilirukaruka. Mwanafunzi akiona kuku upande wa pili wa barabara, Breki ameshakanyaga. Mwanafunzi akipiga chafya, Breki ameshakanyaga. Na kila alipokanyaga alipiga kelele ambazo mafundi wa gereji ya jirani walizizoea kama watu wengine wanavyozoea kengele ya shule.

Binti yake mkubwa, nesi, ndiye aliyempima presha. Aliitazama mashine, akamtazama baba yake, akapima tena kwa matumaini kwamba mashine imekosea.

"Baba, hii presha si ya mtu. Hii ni ya tairi la lori."

"Mashine zenu mbovu."

"Mashine nzima. Wewe ndiye mbovu. Jumamosi uende pale juu ya duka la rangi, kuna mtawa wa Kibudha anafundisha watu kutulia."

"Unataka nibadili dini uzeeni?"

"Nataka ujifunze kupumua."

"Mimi napumua tangu nizaliwe!"

"Unavuta tu, baba. Kutoa hujawahi."

Basi akaenda. Ukumbi ulikuwa mdogo na ulinuka rangi ya mafuta kutoka chini. Mtawa alikuwa mtu mwembamba, kichwa kimenyolewa, nguo yake ya rangi ya karoti imekunjwa begani vizuri. Alitoka mbali, na Kiswahili alikuwa amejifunza peke yake kutoka katika kitabu kimoja kikuukuu cha sarufi, kwa hiyo alikizungumza kikiwa kimenyooka na kupigwa pasi. "Karibuni, enyi ndugu wapendwa," alisema. "Na tuketi. Na tuitazame pumzi inapoingia, kisha tuitazame inapotoka." Breki aliitazama. Ilipotoka ile ya kwanza alihisi kitu kifuani kimelegea, akashangaa, maana alidhani kifua cha kila mtu kimekazwa vile.

Akanogewa. Tatizo la Breki ni kwamba hajui kufanya jambo nusu. Mtawa alipofundisha kula polepole na kutafuna kila tonge kwa makini, yeye alitafuna mpaka mwenyewe akasahau alikuwa anakula nini. Mtawa alipofundisha kwamba kabla ya kusema neno mtu ajiulize kama ni la kweli, kama ni jema na kama wakati wake umefika, nyumba nzima ilipata taabu. Mkewe anauliza, "Chumvi imetosha?" Breki anafumba macho. Anachunguza kama jibu lake ni la kweli. Anachunguza kama ni jema. Akifumbua macho kujibu, chakula kimepoa na mwenye kuuliza amesharudi kwenye cherehani.

Kazini mambo yalikuwa mabaya zaidi, ingawa yeye aliyaona mazuri. Alikuwa na mwanafunzi mmoja, mama mhasibu, aliyeshindwa mtihani wa udereva mara nyingi hadi watahini wakawa wanamsalimia kwa kumuulizia familia. Siku moja mhasibu akalielekeza gari kwenye lundo la mchanga. Zamani Breki angekanyaga tangu lundo liko mbali. Safari hii alipumua kwanza. Alivuta, akatoa, akaona kwamba hofu imemjia, akaikaribisha hofu kwa upole kama alivyofundishwa, na wakati anaiaga, gari likawa limezama mchangani mpaka taa za mbele.

"Mwalimu!" mhasibu alisema, machozi yakimlengalenga. "Leo hukunipigia kelele!"

Breki akavimba kichwa wiki nzima.

Kisha likaja somo lililoleta balaa. "Kinachotutesa, enyi wapendwa, si vitu," alisema mtawa. "Ni vidole vyetu tulivyovikunja ili kuvishika. Kila kitu hupita. Kwa hiyo kila asubuhi kiendeeni kile mkipendacho, mkiambie kwa upole: nakuacha. Anzeni na kilicho chepesi. Malizieni na kilicho kizito kuliko vyote."

Hapo ndipo mtu yeyote aliyelelewa katika lugha hii angenyoosha mkono. Kuna kuachia, kuna kuachilia, na kuna kuacha, na hilo la mwisho mume akimwambia mkewe huwa hazungumzii vidole. Hata mtoto anajua. Lakini mtawa hakuoa, na kitabu chake cha sarufi kilikuwa cha heshima, hakikuingia vyumbani mwa watu. Wengine darasani walikuwa wajane, wagane na vijana ambao hawajaoa, hawana wa kumwambia. Naye Breki, aliyekuwa na mke, alikuwa anashinda kutwa akisema "achia klachi, achia, achia polepole," mpaka neno lenyewe na ndugu zake wote wakawa hawamgutui tena.

Kesho yake alfajiri ilipopambazuka akaanza. Alikwenda kwa kikombe chake kikubwa cha bati ambacho hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kukitumia, akakiambia, "Nakuacha." Akaenda kwa viatu vyake vya kahawia, akaviambia vilevile, kwa wingi. Akaiambia redio. Kisha, mswaki mdomoni na povu limemjaa, akaingia chumba cha mbele ambako mkewe alishaanza kazi.

Mkewe huyo watu walimwita Mama Pindo. Alishona sare za shule, na pindo lake halikufumuka hata mtoto arithiwe sketi na wadogo zake wote. Alikuwa ameinamia mkono wa shati, mguu unakanyaga cherehani.

Breki akaweka kiganja kifuani. "Mke wangu," akasema, "nakuacha."

Cherehani ikanyamaza. "Umesemaje?"

Breki akatoa mswaki, akafuta povu. Akajiuliza kama neno ni la kweli, kama ni jema, kama wakati wake umefika. Akaridhika kwa yote. Akatabasamu na kulirudia vizuri, "Nakuacha."

Mama Pindo alikata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Sawa," akarudi kwenye mkono wa shati.

Breki alitoka pale moyo mweupe. Aliona amani imeanza kuenea mpaka kwa mkewe, maana zamani mwanamke huyo hakukubali jambo bila maswali. Akaenda nje alikokuwa ameegesha gari. Hapo alikawia. Aliweka mkono juu ya boneti, akafungua mdomo, neno likagoma kutoka. Alizunguka upande wa pili, akajaribu tena. Mwishowe alilisema kwa kunong'ona, na papo hapo akakifuta vumbi kioo cha pembeni, gari lisije likalipokea vibaya.

Jioni ufunguo wa mlango haukufungua, komeo lilikuwa limetiwa kwa ndani. Akagonga.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake.

"Mimi, mama."

"Mimi ni wengi. Mimi nani?"

"Mimi mume."

"Humu hamna mume. Alikuwepo, kaacha leo asubuhi. Wewe kama ni mgeni, bisha hodi kama wageni."

Breki akabisha hodi. Akakaribishwa, na ukarimu ule ulimtisha kuliko kama wangemtukana. Walimkalisha kwenye kiti kigumu cha wageni. Mama mkwe, bibi mfupi aliyezoea kusikilizwa, alimuuliza kama huko atokako wazima. Shemeji yake, kaka wa Mama Pindo, mwuza magodoro mwenye mabega ya kuziba mlango, alikuwa ameleta godoro jipya la mgeni kulalia sebuleni, bado limo ndani ya nailoni. Na Mama Pindo mwenyewe aliingia na birika, macho chini.

"Bwana ataongeza sukari?"

"Bwana nani? Mke wangu, kuna nini?"

"Mkeo ulimwacha asubuhi. Ulirudia mara mbili nisije nikasema sikusikia. Mashahidi wangu ni kikombe na redio, nilikusikia ukiwaaga na wao."

Hapo ndipo Breki alipoielewa asubuhi yake. Damu ilimpanda yote aliyokuwa ameishusha kwa majuma, akasahau kujiuliza maswali.

"Sikukuacha! Nilikuacha tu!"

Shemeji akamgeukia mama yake kuuliza kama kuna tofauti. Mama yake akatikisa kichwa.

"Yaani," Breki alisema, jasho likimtoka, "nilikuacha kiroho."

"Haa!" mama mkwe akaruka kitini. "Na huko ndiko kubaya! Mwanamume wa kawaida anaacha kimwili, roho inabaki nyuma inahangaika, siku moja inamrudisha. Huyu kaanzia rohoni! Atarudishwa na nini?"

Usiku ule Breki alilala mgeni. Kila alipojigeuza nailoni ilipiga kelele, na kila ilipopiga kelele mama mkwe alikohoa kutoka chumba cha pili.

Kulipokucha binti nesi akapigiwa simu. Alicheka mpaka akaomba samahani, akamfuata mtawa. Mchana mtawa akawa amekaa sebuleni na nguo yake ya rangi ya karoti, kikombe cha chai mikononi, anasikiliza. Alipoelewa, macho yalimtoka.

"Ole wangu!" alisema. "Nilikusudia kulegeza! Kulegeza mkono, si kuvunja ndoa! Ewe mama, nisamehe. Kitabu changu kilinena kwamba kuacha ni kutoshika. Hakikunena zaidi, nami sijapata kuoa, ningejulia wapi?" Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Mambo yakalainika palepale. Mama mkwe alimwonea huruma kijana wa watu aliyedanganywa na kitabu. Shemeji akaanza kulikunja godoro. Mama Pindo aliuma mdomo kuzuia kicheko, na Breki alipoona ile pembe ya mdomo inatetemeka, alimpenda mwanamke huyo upya, pale pale, mbele ya wakwe. Ingekomea hapo ningekuwa nimemaliza kazi yangu.

Lakini mtawa alikuwa mtu mwema, na mtu mwema huwa hajui wakati wa kunyamaza. Akamwaga mtama.

"Tena, mama, usilione kuwa ni tusi. Ilikuwa heshima! Mimi nilimwelekeza aanze na kilicho chepesi, amalizie na kile ambacho moyo wake umekishika kuliko vyote. Naam, hapana shaka alimalizia na wewe."

Mama Pindo akamgeukia mumewe, na uso wake ulikuwa na haya kidogo, haya za msichana. "Nilikuwa wa mwisho?"

Breki akafumba macho. Je, ni la kweli? Je, ni jema? Alikaa humo ndani ya giza la macho yake akitafuta neno ambalo lingekuwa vyote viwili, asilione.

"Baba watoto. Nilikuwa wa mwisho?"

"Karibu na mwisho."

"Baada yangu kulikuwa na nini?"

Alitamani kudanganya. Lakini shemeji alikuwa anatazama dirishani, na dirishani palionekana kitu kimoja tu, kimeoshwa, kinang'aa.

"Gari," Breki akasema.

Shemeji akalikunjua tena godoro, polepole. Mama Pindo alikwenda kwenye cherehani yake, akakaa, asishone.

"Lile neno nilishalisamehe," alisema bila kugeuka. "Hata kabla mtawa hajaja. Nilijua kuna upuuzi umekuingia, nikasema ngoja nimtie adabu kidogo. Na ungeniweka kabla ya kikombe, ningesema kakosea, kaanza na aliye karibu. Lakini hukukosea. Ulipima. Ulinichukua mkononi ukanipima, ukaona mimi mwepesi."

Breki aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kibaya zaidi, alikumbuka vizuri jinsi neno lilivyotoka kirahisi chumba cha mbele, pamoja na povu, na jinsi lilivyogoma kutoka kule nje.

Siku zilizofuata alihangaika. Alirudi kwa kikombe akakiambia, "Nakurudia," akaviambia viatu, akaiambia redio, akifikiri labda mstari unaweza kurudishwa nyuma kama gari. Alipofika mlango wa chumba cha mbele alikuta umefungwa. Akaweka mdomo kwenye tundu la kitasa.

"Mke wangu, wewe ni mzito! Mzito kabisa! Hakuna mzito kama wewe nyumba hii!"

"Sasa anamtukana!" mama mkwe akapaza sauti kutoka jikoni. "Mwanangu kanenepa kwa watoto wenu wenyewe!"

Alikwenda kwa mtawa akamkuta amekaa peke yake ukumbini, kitabu cha sarufi kimefunikwa kando. "Nipe neno la kumwambia," Breki alimsihi. "Wewe ndiye uliyeniingiza humu."

"Ndiyo maana sitakupa jingine," mtawa akajibu. "Ndugu yangu, nimefikiri sana. Mimi nilikufundisha kusema na vitu. Nenda ukamwulize huyo ambaye si kitu anataka nini. Kisha usiseme neno."

Breki alirudi nyumbani akaketi kwenye kile kiti kigumu. Mama Pindo alikuwa anafunga mafurushi ya sare, za shule moja ya upande wa pili wa mji. Kila muhula alizifunga hivyo, akazibeba kichwani mpaka kituoni, wakati gari limesimama nje likipumzishwa injini. Gari la kazi, Breki alikuwa anasema, halibebi mizigo. Alikuwa amelisema neno hilo miaka mingi na hakuwahi kulisikia. Sasa alilisikia.

"Unataka nini?" akauliza.

Mama Pindo alikaza fundo la kamba. "Ufunguo."

"Wa nini?"

"Umeuliza nataka nini. Nataka ufunguo wa gari nipeleke sare zangu."

Mguu wa Breki ulikanyaga sakafu wenyewe. "Lakini wewe hujui kuendesha! Nitakufundisha. Haki ya Mungu, Jumatatu tunaanza, nitakufundisha mwenyewe."

"Umefundisha wauza nyama, umefundisha wachungaji wa kanisa, umefundisha mhasibu wa watu ambaye hafundishiki. Mimi kila nikikuomba ni Jumatatu." Akafungua droo ya cherehani, akatoa kadi ndogo, akaiweka mezani mbele yake. Ilikuwa leseni ya udereva. Picha ilikuwa yake, amekodoa macho kidogo. "Nimeipata mwaka juzi. Kwa Taratibu."

Taratibu alikuwa mwalimu wa shule nyingine ya udereva, mpole, anayefundisha kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Breki alimchukia kuliko mtu yeyote aliye hai.

"Kwa Taratibu!"

"Siku ya kwanza aliniuliza ni nani aliyenifundisha kabla yake. Nikamwambia mume wangu anafundisha usingizini. Miaka yote hiyo nalala pembeni yako nasikiliza, achia klachi mama, usiitupe, tazama kioo, kaza mguu. Nilikuwa nafanyia mazoezi kwenye cherehani. Shida yangu ilikuwa moja tu, Taratibu hapigi kelele, basi nikawa siamini kama gari linatembea."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeuliza nini kwanza?"

Breki akafungua mdomo. Alijua angeuliza nini. Angeuliza ni gari aina gani na kama klachi yake ilipona. Akaufunga mdomo, akafanya kama mtawa alivyomwambia, akatia mkono mfukoni na kutoa ufunguo. Vidole vilikataa kidogo. Alilazimika kuvifungua kwa mkono wa pili.

Shemeji alibeba mafurushi, akayapanga kiti cha nyuma. Breki alifuata mpaka nje.

"Nikae pembeni? Sitasema kitu. Mguu nitauweka dirishani."

"Hapana," Mama Pindo akasema, akavuta mlango.

Gari lilirudi nyuma taratibu, likakata kona, likaingia barabarani. Halikuruka hata mara moja. Breki alisimama akilitazama linavyoteleza, na hilo lilimwuma kwa namna ambayo hakuitegemea, kumbe gari lile lilikuwa linajua kutembea siku zote.

Akarudi ndani akakaa sakafuni, miguu ameikunja. Pumzi ikaingia, pumzi ikatoka. Mama mkwe alikaa kwenye kiti karibu na mlango akichambua mboga, anamtazama kama mtu anayelinda ghala. Jua likasogea dirishani. Mwanzoni Breki aliliona gari kila alipofumba macho, bampa, taa, ile rangi ya mlango wa kushoto aliyoipiga mwenyewe. Alijitahidi kuliondoa. Baadaye, bila kujitahidi, akaanza kuona kitu kingine. Aliona kichwa cha Mama Pindo na furushi juu yake, muhula baada ya muhula, kinavyokwenda kituoni na kupungua mpaka kona ya mwisho. Hakukumbuka kama aliwahi kumtazama mpaka kona ya mwisho.

Simu ikalia.

"Baba watoto." Sauti ilikuwa inatetemeka. "Nimegonga."

"Umeumia?" Breki alikuwa ameshasimama. Alisema kwa ile sauti yake ya zamani ya kuvunja vioo, bila kuvuta pumzi, bila kujiuliza lolote. "Umeumia wapi? Kichwa? Nijibu! Uko wapi? Umekaa au umesimama? Kaa chini! Usiongee na mtu, kaa chini kivulini, nakuja!"

Alisikia magari yakipita huko aliko mkewe, na mtu akiuliza kama mama mzima.

"Mama Pindo!"

"Sijaumia," akasema. "Nilikuwa narudi. Nguzo ya taa. Nilimkwepa mbwa." Akavuta makamasi. "Umeuliza nini?"

"Nimeuliza umeumia wapi!"

"Uliza tena."

"Una wazimu? Umeumia wapi?"

Akasikia analia, kilio kile cha mtu ambaye jambo fulani limemtoka, na katikati ya kilio akamtajia barabara na duka lililo karibu, akamwambia asikimbie, ana presha. Breki alikuwa ameshafika mlangoni, ameshavuta komeo, mama mkwe na ungo wake wa mboga wakiwa wamemzibia njia.

"Vipi?" bibi akauliza. "Gari limeharibika sana?"

Breki alisimama na mkono kwenye kitasa.

"Sijui, mama," akasema. "Sijauliza."

Bibi alimtazama usoni, kisha akausogeza ungo. "Basi nenda, mwanangu," akasema. "Nenda, mkeo anakusubiri."